Kumeza na Kusikia

Miaka yote niliyofundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita mjini Bukoba, mtaala ulinitaka nifundishe utando wa seli mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mlango wa chakula: kipi kinapita, kipi kinazuiwa, na seli inafanyaje inapotaka kitu kikubwa kisichoweza kupenya. Mara ya pili, miezi mingi baadaye, utando uleule ulirudi ukiwa mahali pa kupokelea habari: homoni inakuja na damu, inashikana na kipokezi, ujumbe unaingia ndani. Baina ya masomo hayo palikuwa na mtihani wa muhula, likizo, na sura kadha wa kadha za mambo mengine. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliosema kwamba kumeza na kusikia, kwa seli, ni kazi moja.

Sasa nimestaafu, nami nimepata nafasi ya kusoma kwa utulivu yale niliyokuwa nikiyafundisha kwa haraka ya kengele. Mgawanyo ule wa kitabu nimeukuta una asili yake. Waliochunguza ulaji wa seli na waliochunguza habari za seli walikuwa watu mbalimbali, kila kundi na maabara zake na majarida yake, na walikaa muda mrefu mno bila kuulizana.

Na ajabu ni kwamba walisimama jukwaa moja mapema sana. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1908 waligawana watu wawili. Mmoja ni Ilya Metchnikoff, ambaye mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba ya waridi ndani ya lava wa kiti cha pweza. Lava hao miili yao inapitisha mwanga, na kesho yake aliona kwa hadubini seli zinazotembea zimeuzingira mwiba. Akaamini kuwa seli hizo ni walinzi wa mwili na silaha yao ni kumeza. Wa pili ni Paul Ehrlich, Mjerumani, aliyeshikilia kwamba juu ya seli kuna minyororo ya pembeni, kila mmoja una umbo lake, na kila mmoja unanasa kile tu kinacholingana nao. Minyororo hiyo ndiyo asili ya vipokezi tunavyovifundisha leo. Wafuasi wa mabwana hao wawili walibishana miaka na miaka juu ya nani anayemlinda mtu, seli zake au majimaji ya damu yake. Kwamba kinachonaswa kwa njia ya Ehrlich kinaweza kumezwa kwa njia inayofanana na ya Metchnikoff, na kwamba kule kumezwa kunaigeuza habari yenyewe, lilikuwa jambo la kungoja hadubini ambazo zilikuwa hazijabuniwa.

Wakati huo hata utando wenyewe hapakuwa na aliyeuona. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walichukua chembe nyekundu za damu ya mbwa, kondoo, sungura, mbuzi na binadamu, wakatoa mafuta yake kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka la unene wa molekuli moja, wakapima eneo lake. Eneo likatoka karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Basi utando ni tabaka mbili za mafuta, wakasema, zimeelekezana mikia ndani na vichwa nje. Baadaye iligundulika kwamba asetoni haikutoa mafuta yote, na kwamba eneo la chembe nalo walilihesabu pungufu. Hitilafu mbili zikafutana, jibu likabaki sahihi. Nilipenda kuwasimulia wanafunzi kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha mtu akifikia jambo kubwa kwa beseni la maji na rula. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson waliongeza lililokosekana: kwamba mafuta hayo ni ya majimaji, na protini zinaelea humo, zinasogea, zinakutana na kuachana. Kwa hiyo utando unaweza kukunjwa, kubonyezwa na kukatwa kipande bila kupasuka.

Kuhusu ulaji wenyewe, hatua zilizofuata nazipita haraka. Warren Lewis, mjini Baltimore, alipiga filamu seli zikigugumia matone ya maji, akatangaza mwaka 1931. Christian de Duve, Mbelgiji, mwaka 1955 alitambulisha lisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vinavyosaga kilichomezwa, na mwaka 1963, katika mkutano wa London, aliupa umezaji wa kila namna jina moja, endositosisi. Lakini hadi hapo kumeza kulionekana kuwa kugugumia tu: seli inabonyea, inachota kilichopo, inafunga.

Kwangu mimi historia yenyewe inaanza mwaka 1964, tumboni mwa mbu.

Thomas Roth na Keith Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard walimchagua Aedes aegypti, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, huyu huyu aliyewalaza watu wa Dar es Salaam kwa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Jike wa mbu huyo asiponyonya damu, mayai yake hayakui. Akinyonya, ndani ya muda mfupi seli ya yai inajaa protini ya kulisha kiumbe kitakachozaliwa, na protini hiyo yai haliitengenezi lenyewe, bali linaichota nje. Roth na Porter waliwanyonyesha mbu wao damu, wakakata ovari zao vipande vyembamba mno, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya saa 7 baada ya mlo, vishimo juu ya utando wa yai vilikuwa vimeongezeka mara 15. Kila kishimo kilikuwa na upana wa nanomita 140 hivi. Upande wa ndani ya seli kilikuwa kimevikwa kitu kama manyoya mafupi yaliyosimama. Upande wa nje kilikuwa kimejaa protini iliyojipanga kwa ukaribu.

Wakaifuata safari hatua kwa hatua. Kishimo kinazama, shingo yake inajibana, kinakatika na kuwa kifuko ndani ya seli. Kifuko kinavua manyoya yake, kinaungana na vingine, na humo kiini cha yai kinajengeka. Kutokana na jinsi protini ilivyojipanga ndani ya vishimo, walitoa pendekezo lililobadilisha kila kitu: utando unachagua. Unanasa kwanza, ndipo unameza. Na mimi naona jambo la pili katika picha zao, ingawa halikuwa swali lao. Yai halikuanza kumeza hovyo. Lilianza baada ya mama kunyonya damu, maana yake habari ya mlo ilifika, na utando ukaitikia kwa kujichimba vishimo.

Manyoya yale yalimngoja Barbara Pearse, wa maabara ya baiolojia ya molekuli ya Cambridge, Uingereza. Wajapani wawili, Toku Kanaseki na Ken Kadota, walikwisha kuonyesha mwaka 1969 kwamba si manyoya, ni kimia kinachokizunguka kifuko pande zote, chenye matundu ya pembe tano na pembe sita. Pearse alisaga bongo za nguruwe, akavitenga vifuko hivyo kutoka katika uji ule, akakuta kwamba kimia chote kimesukwa hasa kwa protini moja kubwa. Mwaka 1976 ilikuwa imeshapata jina, klathrini. Baadaye ilijulikana kwamba kipande kimoja cha klathrini kina miguu mitatu iliyopinda, na miguu hiyo inaposhikana na ya wenzake inaweza kufanya umbo la tufe. Kimia kikibonyea, utando unabonyea pamoja nacho.

Wakati Pearse akisaga bongo, mjini Dallas, Texas, madaktari wawili vijana walikuwa wakihangaika na watoto wenye moyo wa wazee. Kuna ugonjwa wa kurithi ambamo mtoto aliyepokea kasoro kwa baba na kwa mama pia ana kolesteroli ya damu mara nyingi kupita kawaida. Vinundu vya mafuta vinamtoka kwenye ngozi na kwenye kano, na anaweza kupata shambulio la moyo kabla ya kubalehe. Michael Brown na Joseph Goldstein walichukua vipande vya ngozi vya wagonjwa na vya watu wenye afya, wakaotesha seli zake kwenye vyombo. Sehemu hii naomba niende polepole, maana hapa ndipo kinywa na sikio vilipokutana kwa mara ya kwanza, hata kama wakati ule haikusemwa hivyo.

Kila seli inaweza kujitengenezea kolesteroli, na kuna kimeng'enya kimoja kinachoamua itengenezwe kiasi gani. Seli za watu wenye afya zilipopewa majimaji ya damu yenye LDL, yaani vile vidonge vidogo vya mafuta na protini vinavyobeba kolesteroli mwilini, kimeng'enya hicho kilishuka. Zilipoondolewa LDL, kilipanda. Seli zilijua nje kuna nini, zikapunguza au kuongeza kazi. Seli za wagonjwa hazikujua. Kimeng'enya kilikaa juu, zipewe LDL zisipewe, ilikuwa mamoja. Mtu angeweza kudhani kimeng'enya chenyewe ndicho kibovu. Brown na Goldstein wakafanya jaribio ambalo naliona zuri kuliko yote katika habari hii: waliyeyusha kolesteroli tupu katika kilevi, isiyohitaji kubebwa na LDL, wakaimwagia seli za wagonjwa. Kimeng'enya kikashuka kama kwa watu wengine. Basi mitambo ya ndani ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa mlangoni. Habari ilikuwepo nje ya utando, na seli ilikuwa kiziwi kwa sababu haikuweza kumeza.

Mwaka 1974 walikuwa na kipokezi cha LDL mkononi. Richard Anderson akaleta hadubini ya elektroni, na mwaka 1976 ikaonekana kwamba vipokezi hivyo havikusambaa ovyo. Vishimo vilivyovikwa, vile vile vya yai la mbu, vilifunika takriban 2 kwa 100 tu ya uso wa seli, lakini zaidi ya nusu ya LDL iliyonaswa ilikuwa humo. Kisha akapatikana mgonjwa mmoja ambaye vipokezi vyake vilinasa LDL barabara, ila vilitawanyika juu ya utando na havikuingia kwenye vishimo kamwe. Alikuwa mgonjwa sawa na asiye na vipokezi. Miaka 10 baadaye jeni lake lilisomwa, ikakutwa asidi amino moja tu imebadilika, tairosini ikawa sisteini, katika mkia mfupi wa kipokezi unaoning'inia ndani ya seli. Mkia huo ndio unaokiambia kishimo: nichukue.

Brown na Goldstein walipata Nobel mwaka 1985. Tembe za statini zinazouzwa leo katika maduka ya dawa ya Bukoba, ambazo asili yake aliigundua Akira Endo huko Tokyo ndani ya kuvu, zinafanya kazi kwa njia ileile: zinakizuia kimeng'enya, seli inajiona ina upungufu, inaongeza vipokezi utandoni, inameza LDL zaidi kutoka katika damu.

Sasa nije karibu na nyumbani. Barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, inazunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Ruwenzori, kisha inashuka bondeni, na kule chini unauona msitu umetanda kuelekea mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert. Nilipita huko na jamaa zangu kwenda kutazama chemchemi za maji ya moto za Sempaya. Hewa ni nzito, miti imeshikana, na mbu ni wengi.

Mbu hao waliwahi kukusanywa kwa kazi maalumu. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation ilianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, na watafiti wake wakawa wanaingia Bwamba, yaani nchi hii ya bondeni, kutega mbu na kupima damu. Ndio waliopata kirusi cha West Nile mwaka 1937, na cha Zika mwaka 1947. Mwaka 1942 walikipata kingine, katika mbu wa jenasi ya Aedes waliotoka msitu huu. Kenneth Smithburn na Alexander Haddow wakakielezea kwa maandishi mwaka 1944, kikapewa jina la msitu wenyewe: kirusi cha Semliki. Kwa binadamu si katili kama ndugu zake, kinaota vizuri maabara, na umbo lake ni rahisi, uzi wa kurithisha uliofunikwa protini, kisha utando wa mafuta wenye miiba. Kwa sababu hizo kikasafiri. Kikafika Helsinki, Finland, kikawa kipenzi cha watu waliotaka kuelewa utando, na kutoka huko Kai Simons na Ari Helenius wakakichukua hadi Heidelberg, Ujerumani, katika maabara ya baiolojia ya molekuli ya Ulaya.

Swali lao lilikuwa moja: kirusi kinaingiaje? Wengi waliamini kwamba kinashikana na utando wa nje na kupenya papo hapo. Mwaka 1980 Helenius, Simons na wenzao walitangaza walichokiona katika seli za figo za hamsta mchanga. Virusi vya Semliki vilinaswa juu ya utando, vikakusanyika katika vishimo vilivyovikwa, vikamezwa. Seli yenyewe ilivifungulia. Ndani, vifuko vinazidi kuwa na asidi kadiri vinavyokwenda, na asidi ilipofika kiwango fulani, miiba ya kirusi ikabadilika umbo, utando wake ukaungana na utando wa kifuko, na uzi wa kurithisha ukamwagika ndani ya seli. Walipoweka klorokwini, virusi viliendelea kumezwa lakini vilibaki vimefungiwa. Klorokwini inajikusanya ndani ya vifuko na kuizima asidi. Sisi watu wa rika langu tunaijua dawa hiyo kwa uchungu wake na kwa muwasho wake, tuliimeza kwa malaria mpaka Tanzania ilipoiacha mwaka 2001, na kumbe huko Heidelberg ilikuwa ikijibu swali la utando.

Naona uzito wa jambo hili hivi. Kabla ya Semliki, mtu angeweza kudhani kifuko ni chombo cha kusafirishia tu. Kirusi kilionyesha kwamba ndani ya kifuko ni mahali penye hali yake, na hali hiyo ni habari. Kirusi kilijifunza kuisoma kabla yetu: asidi inakiambia kimefika. LDL nayo inaachana na kipokezi chake kwa asidi hiyohiyo. Yenyewe inakwenda kusagwa, kipokezi kinarudi juu kufanya safari nyingine, kama dakika 10 kwa kila mzunguko.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, wakati wa somo la homoni, swali ambalo kitabu hakikuwa na jibu lake: "Mwalimu, hiyo homoni ikishasema, inakwenda wapi?" Wenzake walicheka. Swali hilohilo lilikuwa limeulizwa huko Nashville, Tennessee, na Stanley Cohen.

Cohen alifanya kazi na Rita Levi-Montalcini huko St. Louis, katika utafiti wa kichocheo cha kukua kwa neva. Walipodunga vitoto vya panya maji yaliyotokana na tezi za mate za panya dume, Cohen aliona kitu kisichohusiana na neva. Vitoto vilifumbua macho siku ya 7 badala ya siku ya 12 hadi 14. Mwingine angekiandika pembeni na kukisahau. Cohen alihamia Vanderbilt, Nashville, mwaka 1959, akalitafuta lililofumbua macho yale, na mwaka 1962 akatangaza protini ndogo iliyokuja kuitwa EGF, inayoiambia ngozi ikue. Mwaka 1986 yeye na Levi-Montalcini walipewa Nobel.

Katikati ya miaka ya 1970, Cohen na Graham Carpenter waliitia EGF alama ya iodini yenye mnururisho, wakaimwagia seli za ngozi za binadamu. Kwenye baridi kali ilishikana na seli na kutulia. Kwenye joto la mwili ilishikana, kisha ikaanza kutoweka, na vipande vyake vilivyosagwa vikaonekana nje katika majimaji. Seli ilikuwa imeimeza na kuivunja. Na kilichowashangaza zaidi ni kwamba baada ya hapo seli hazikuweza tena kunasa EGF kama mwanzo. Vipokezi navyo vilikuwa vimemezwa, na ilibidi seli itengeneze vipya. Seli iliyoambiwa jambo kwa nguvu ilikuwa imepunguza masikio yake. Mambo yalielekea kuwa wazi: kumeza ni njia ya kunyamazisha. Juu ya utando habari inasemwa, ndani ya kifuko inakufa. Kwa karibu miaka 20 wengi walitosheka na maelezo hayo.

Na yana ukweli mkubwa. Mwaka 1990, huko San Diego, Alan Wells na wenzake walitengeneza kipokezi cha EGF kisichoweza kumezwa, na seli zilizokuwa nacho zikaanza kukua kwa tabia ya saratani hata kwa EGF kidogo. Mwaka 1998, Gil Levkowitz na Yosef Yarden wa Taasisi ya Weizmann walionyesha kwamba protini iitwayo Cbl ndiyo inayokitia kipokezi alama ya kupelekwa kusagwa. Kuna kirusi cha panya kinachobeba nakala ya Cbl iliyokatwa. Nakala hiyo inavirudisha vipokezi juu ya utando badala ya kuviacha viharibiwe, na panya wanapata saratani. Hata ndani ya vifuko mambo yanategemea nani kashikana na nani. EGF haiachii kipokezi upesi kwenye asidi, nacho kinakwenda kusagwa pamoja nayo. Kuna protini nyingine, TGF-alfa, inayotumia kipokezi hichohicho lakini inaachia mapema, na kipokezi kinarudi juu kusikiliza tena. Sikio ni lile lile, ila habari ya pili inadumu zaidi, na tofauti yote imetokea baada ya kumezwa.

Lakini huko Montreal, Kanada, John Bergeron na Barry Posner wa Chuo Kikuu cha McGill walikuwa na shaka na habari ya kufa ndani ya kifuko. Walidunga panya homoni, wakatoa ini, wakatenga vifuko vya ndani, wakauliza vipokezi vilivyomo vinafanya nini. Vilikuwa vinafanya kazi. Mwaka 1994 walionyesha kwamba kipokezi cha EGF kilicho ndani ya kifuko, mkia wake ukiwa bado umechomoza upande wa seli, kimezungukwa na wale wajumbe wote wanaopeleka amri ya kukua. Mtu wa pwani ataelewa: kuna mgeni anayeishia barazani, akatoa salamu na habari za njia, na kuna anayekaribishwa ndani ndipo anapoeleza kilichomleta.

Kulithibitisha hilo kulihitaji namna ya kuzuia kumeza bila kuiua seli, na namna hiyo ilitoka kwa nzi. Mwaka 1973, katika maabara ya David Suzuki huko Vancouver, walipatikana nzi wadogo wa matunda waliopooza kwa joto la nyuzi 29, na kuinuka wakirudishwa kwenye ubaridi. Miaka 10 baadaye Toshio Kosaka na Kazuo Ikeda walitazama ncha za neva za nzi waliopooza: vishimo vilikuwa vimezama lakini shingo zao hazikatiki, na neva zilikuwa zimeishiwa vifuko vya kutolea ujumbe. Mwaka 1991 jeni lilijulikana. Ni la dainamini, protini inayojizungusha shingoni mwa kishimo na kuibana.

Sandra Schmid na wenzake, huko La Jolla, California, walitia dainamini mbovu katika seli za HeLa. Seli hizo zilitoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, zikachukuliwa bila yeye kuulizwa, na haifai kuzitaja bila kumtaja mwenyewe. Mwaka 1996 Amanda Vieira, Christophe Lamaze na Schmid walitangaza matokeo. Seli zisizoweza kumeza ziliongezeka kwa EGF zaidi ya kawaida, kama waliotangulia walivyosema. Lakini si kila ujumbe uliongezeka. Baadhi ya wajumbe wa ndani walishindwa kuamka sawasawa mpaka kipokezi kimezwe na kupita njia yake. Kama kumeza kungekuwa kunyamazisha tu, kukuzuia kungeongeza sauti zote. Haikuwa hivyo. Makala ile iliwapa watu wa endositosisi na watu wa ujumbe wa seli sababu ya kuulizana.

Yaliyofuata yamenifurahisha uzeeni. Mwaka 2009 vikundi viwili, kimoja kikitumia homoni ya kuchochea tezi ya shingo na kingine homoni inayotawala kalisi mwilini, vilionyesha kwamba vipokezi vya aina nyingine kabisa navyo vinaendelea kusema vikiwa ndani. Mwaka 2013 Roshanak Irannejad na Mark von Zastrow wa San Francisco waliona jambo hilo kwa macho. Walitumia kipande kidogo cha kingamwili ya lama, mnyama wa ukoo wa ngamia, kinachoshika kipokezi cha adrenalini pale tu kinapokuwa kazini, wakakitia rangi inayong'aa. Kipokezi kilipoamshwa, uso wa seli uling'aa. Dakika chache baadaye vifuko vya ndani vikang'aa pia, wimbi la pili la ujumbe uleule.

Mwaka uliofuata Nikoleta Tsvetanova na von Zastrow waliuliza kama wimbi hilo la pili lina kazi yoyote ya pekee. Ujumbe wa adrenalini ndani ya seli unabebwa na molekuli ndogo iitwayo cAMP, ileile popote inapotengenezwa, na kitabu changu cha kidato cha sita kilihesabu kiasi chake tu. Wao walipanga cAMP itengenezwe kwa kiasi kinacholingana, mara hii utandoni, mara hii kwenye vifuko. Ile ya vifukoni iliwasha jeni kwenye kiini cha seli kwa nguvu zaidi sana. Ile ya utandoni, kwa kiasi hichohicho, iliziwasha kwa udhaifu tu.